Wembe Usio na Meno

Nekesa mwanangu,

Saa hii uko mjini unasukwa, na kwa vile nilivyouona ule mtindo unaoutaka, hutarudi kabla giza halijaingia. Nimefunga kibanda mapema. Nimewadanganya wenzangu sokoni kwamba tumbo linaniuma, nikaja kukaa hapa mezani nikuandikie. Kwa mdomo nimeshindwa. Wiki hii yote nikijikaza nikuambie, yananitoka maneno ya sabuni na chaja ya simu.

Kesho asubuhi gari la Mzee Abdi litakuchukua hapa Munyaka likupeleke Juba, ukae katika ofisi yake ya huko uandike mizigo inayoingia na inayotoka. Sitakuambia ule vizuri wala ujihadhari na madereva. Shangazi zako wamekuambia hayo mpaka siku hizi unaitikia kabla hawajamaliza. Mimi nina neno lingine, na nimechelewa nalo sana.

Jana nilikuwa natafuta sweta yangu ya kijani katika begi lako, maana nakujua wewe na vitu vyangu. Nikakuta bahasha ya kaki. Ndani mna picha ya baba yako, ile moja tuliyo nayo, amesimama kando ya lori na kofia ameivaa kisogoni. Umeipeleka saiba, kule kwenye kompyuta za kulipia, ikakuzwa, zikatolewa nakala tele, na chini ya kila moja umeandika jina lake na namba yako ya simu. Nikaketi kitandani. Ndipo nilipoelewa kwa nini uliikataa kazi ya duka la dawa hapa mjini, ukang'ang'ania Juba. Huendi kuandika mizigo ya mtu. Unaenda kumtafuta Wafula.

Nekesa, baba yako alikufa. Hakupotea. Alikufa ukiwa bado chekechea, na mimi nimelijua hilo tangu ulipokuwa kidato cha pili. Nimeshaandika, na sifuti.

Nitakueleza nilivyojua. Nitaanza mwanzo kabisa, kwa sababu mwanzo wenyewe sikuwahi kukusimulia vizuri.

Babu yako, babake Wafula, alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye shamba kule Kapseret. Mzungu alipouza shamba akarudi kwao, alimwachia babu yako sufuria, koti la mvua na wembe wake. Si wembe huu mwembamba wa dukani. Ule ni wa chuma, una mpini mfupi mzito, na kichwa kinafunguka kwa bawaba iliyo nyuma. Ukikifungua unachomeka kiwembe chenye makali upande mmoja tu, mgongo wake mnene, unafunika, unanyoa. Mbele, pale panapogusa ngozi, wembe wa babu yako ulikuwa na meno madogo kama ya kitana. Wafula alipoanza kuota ndevu babu akampa. Aliutunza kuliko viatu. Alikuwa akinyolea nje, kioo amekitundika kwenye msumari wa mlango huu, na kazi yangu ilikuwa kutoa povu lililokauka kati ya yale meno kwa mswaki mkuukuu. Nilikuwa nikilalamika kila mara. Niliyajua yale meno hata gizani.

Baba yako alikuwa dereva wa Mzee Abdi tangu enzi zile Mzee Abdi ana malori mawili na duka la magunia. Safari moja ya Juba hakurudi. Waliorudi ni Mzee Abdi mwenyewe na utingo wa lile lori, kijana anayeitwa Kiprono. Walisimama mlangoni, hawakutaka kuketi.

"Mama Nekesa, pole sana," Mzee Abdi akasema. "Sisi wote ni wa Mungu. Wafula ameshikwa na malaria huko mbele ya Nimule, mvua imekata barabara, hospitali hakuna. Tumemzika huko. Namna ya kumleta ilikosekana, wallahi."

Kiprono alikuwa akilia bila sauti. Wakaniwekea begi la baba yako sakafuni.

Nililifungua pale pale. Mashati yalikuwa yake. Blanketi lilikuwa lake. Halafu nikatoa wembe, na wembe haukuwa na meno. Mpini ulifanana, uzito ulifanana, lakini mbele palikuwa laini tupu. Nikaushikilia huo wembe, nikaachana na mashati. Nikawaambia wamezika mtu mwingine, wamechanganya mizigo ya watu, mume wangu yuko mahali anasubiri gari. Kiprono akafungua mdomo aseme kitu. Nikamrukia. "Wewe nyamaza! Umemwacha mwenzako barabarani halafu unakuja kunililia hapa?" Kijana wa watu akaufunga mdomo wake. Pashike hapo, Nekesa, maana tutaparudia.

Nyumbani Kimilili wazee walikaa wakakata shauri. Mwili ukikosekana, kwetu huzikwa shina la mgomba. Hukatwa, likafunikwa shuka, likalazwa kaburini, watu wakalia, na baadaye mjane na watoto wakanyolewa nywele ili waache kifo nyuma na waendelee kuishi. Nilipofika shimo lilikuwa limeshachimbwa. Shina lilikuwa limelazwa kivulini, bado linatoa maji. Mimi nikautoa wembe kwenye leso nikawaonyesha wazee mmoja mmoja, nikiwafokea kama watoto. Nikasema hakuna atakayegusa nywele za mtoto wangu, mume wangu yu hai.

Kukhu yako, mama yake Wafula, alinishika mkono. "Mama Nekesa, wacha tu nimlilie mtoto wangu," akaniambia. Nikautoa mkono wake kwenye wangu. Shimo likafukiwa likiwa tupu, tukarudi huku Eldoret wewe na mimi na nywele zetu. Kukhu alikufa hajamlilia mwanawe. Kila nikikumbuka mkono ule naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Sikuwa na njia ya kufika Juba. Nilikuwa na mtoto mdogo na kibanda cha mabegi ya mitumba. Lakini nyembe zilianza kunijia zenyewe. Mabegi ya ng'ambo huja na vitu vya wenyewe vimesahaulika mifukoni: tiketi, vitana, peremende, na mara moja moja wembe wa chuma wa mzee fulani ambaye pengine amekufa. Nikawa siuzi begi kabla ya kulipapasa. Halafu nikaanza kuwauliza watu wa chuma chakavu. Kisha nikawa napanda boda hadi Kapseret, kwenye maboma ambayo wazee wake walifanya kazi kwa wazungu, nikiuliza kama mzee aliacha wembe. Sokoni walinicheka. "Mama Nekesa, kwani ndevu zako haziishi?" Nikawaambia nazingoja zao zianze.

Watu walidhani napenda vitu vya kale. Sikuwa navipenda. Nilikuwa natafuta kitu kimoja: wembe mwingine sawasawa na ule wa begini, uliotoka kiwandani bila meno. Ningeupata, ningejua kwamba ule ni aina yake peke yake na una mwenyewe mwingine, basi Wafula hakufa. Ndivyo nilivyofikiri, na kwa miaka sikumpa mtu nafasi ya kunikosoa.

Na aina zilikuwa nyingi, wewe wajua. Ulizijua kabla ya kujua kusoma. Kuna zenye meno, na kuna zisizo nayo, ukaziita vibogoyo, tukaziita hivyo mpaka leo. Kuna zenye mpini wa mviringo na zenye mpini wa pembe. Kuna zinazofunguka ukizungusha kitako cha mpini, na nyingine unasukuma kifuniko kwa kidole gumba. Kuna zilizopakwa rangi ya fedha, ikichubuka unaona shaba chini yake. Ulikuwa ukilala kifudifudi mkekani ukizitenga makundi, na ukifika kwa ule wa begini unauweka kando peke yake.

"Na huu, Mama?"

"Huo si wa baba yako. Wa baba yako una meno."

Unarudia maneno hayo kwa sauti, unaridhika, na ukienda kulala unamwomba Mungu amrudishe. Mimi ndiye niliyekufundisha kuomba hivyo, kwa kutegemea kipande cha chuma.

Sasa sikiliza. Ulipokuwa kidato cha pili, uko bweni, mama mmoja wa Kapseret aliniita. Katika vitu vya babamkwe wake walikuwa wamepata wembe ndani ya kasha lake, kama mpya. Nikaufungua nikaona ni kibogoyo, safi, wa kiwandani, mpini ule ule mfupi. Nilirudi nyumbani juu ya boda nikiimba, mwenye pikipiki akaniuliza kama nimeshinda kesi. Nikauweka hapa mlangoni penye jua, nikaleta ule wa begini nikaulaza kando yake.

Haukuwa mwenzake. Kibogoyo cha kiwandani mbele yake ni kinene, kimeviringwa, kina mifereji midogo ya kupitisha povu, na maandishi yake yako chini ya kichwa. Ule wa begini mbele ulikuwa mwembamba, hauna mifereji, na maandishi yako juu ya kifuniko. Nikamwaga mkekani kopo zima nililowekea nyembe zangu. Nikapanga vibogoyo vyote: vyote vina mifereji, vyote vina maandishi chini. Nikapanga zenye meno: maandishi juu ya kifuniko, zote. Wembe wa begini ulikuwa na kila kitu cha zile zenye meno isipokuwa meno. Nikapitisha ukucha pale mbele, polepole. Ukucha ukaruka. Ukaruka tena, na tena, kwa nafasi ile ile, kutoka pembe hii hadi pembe ile. Vilikuwa vinundu, vidogo sana, jicho halivioni. Ilikuwa mizizi ya meno. Kuna mtu alikuwa ameyakata kwa tupa.

Hakuna aina kama hiyo, Nekesa. Hakuna kiwanda kilichowahi kuitengeneza. Ni wembe wenye meno uliokatwa meno yake, na ni wa baba yako.

Siku iliyofuata nilienda Pioneer, kwenye steji ya boda, maana Kiprono aliacha malori akanunua pikipiki. Amenenepa, ana watoto. Nikamwonyesha wembe hata salamu sijatoa. Aliushika akaugeuza, nikaona uso wake umebadilika.

"Hii ilianguka kwa step ya lori tukiwa Malaba," akasema. "Meno ikajikunja. Sasa akinyoa inamkwaruza, damu kila saa. Akachukua file kwa toolbox, akakaa hapo chini ya trela akaikata yote. Tulicheka hiyo siku, Mama! Akaniambia, 'Kiprono, Mama Nekesa akiona hii atakataa kabisa. Atasema hii si yangu, nimeitoa wapi.'"

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia siku ile walipoleta begi. Alichukua kitambaa akapangusa tangi la pikipiki, na tangi lilikuwa safi.

"Ulinikataza kuongea, Mama," akasema.

Hapo ndipo nilipokuambia tutaparudia. Miaka yote ile nilikuwa nakihoji chuma, na mtu aliyekuwa na jibu anaishi mji huu huu, nimewahi hata kupishana naye barabarani nikageuza uso. Baba yako mwenyewe alijua nitaukataa wembe wake. Alinijua vizuri kuliko nilivyojijua, na utani wake ukageuka ukatuangukia sisi wote, Kukhu, wewe na mimi. Nimejifunza kumwacha mtu amalize anachosema. Nimejifunza wakati hakuna tena anayekuja kuniambia kitu.

Ulipokuja likizo nilikuwa nimepiga moyo konde nikuambie. Ukaingia na sanduku lako, na kabla hata ya chai ukauliza, "Kuna mpya?" Ukauona ule wa Kapseret ndani ya kasha lake, ukapiga kelele, ukanirukia shingoni. "Mama, si huu ndio mwenzake?" Sijawahi kukuona na furaha kama ile. Nikakunyang'anya kasha, nikalifungia kabatini kabla hujaziweka pamoja, kwa sababu una macho mazuri kuliko yangu na ungeona. Nikasema, "Labda." Basi. Nikasema labda nikaenda kuchemsha chai. Nikajiambia nangoja umalize mtihani, kisha nangoja umalize chuo, na sababu hazikuniishia. Niliogopa kukuona ukiacha kumwombea. Niliogopa pia utanitazama vile utakavyonitazama ukimaliza barua hii.

Utasema basi angalau utamtafutia kaburi. Nimeshauliza. Nilikwenda dukani kwa Mzee Abdi kuomba msamaha. Akaniketisha, akaagiza chai ya maziwa, hakunilaumu hata kwa jicho. Akaniambia ile barabara imepanuliwa ikawekwa lami. Mti waliomlaza chini yake haupo. "Mama, mimi mwenyewe nikipita huko nasoma dua barabara yote," akasema, "sababu sijui ni wapi." Hakuna jiwe wala alama. Utapita juu ya baba yako, pengine umesinzia kitini, na hatakuwepo wa kukuamsha.

Nekesa, sina tumaini la kukufungia safarini. Lile nililokuwa nalo nilikupa lote, na ni hilo ulilolitia kwenye bahasha. Najua ulivyo mkaidi, umenirithi mimi. Huenda ukasoma haya yote kisha ukabeba picha vile vile. Na huko atatokea mtu atakayeitazama picha, atataka kununuliwa chai, atasema mbona mtu kama huyu amewahi kumwona Torit, au Yei, nawe utafunga safari. Ukirudi atatokea mwingine. Utafika umri wangu ukiwa bado unauliza, na wanao watalala mkekani wakizipanga zile picha. Nilipofikia hapo jana ndipo nilipolia, na sikuwa nimelia hata siku walipoleta begi.

Kopo la nyembe nitalipeleka kwa watu wa chuma chakavu. Hata viwembe vyake havipatikani tena. Watu wanaoweza kuzitofautisha ni wewe na mimi tu, na sisi tumemaliza. Nimebakiza mbili, ule wa Kapseret na ule wa begini. Nimeziweka juu ya barua hii. Usiniamini mimi, nimekunyima sababu ya kuniamini. Zilaze pamoja, zitazame kama ulivyokuwa ukizitazama, kisha pitisha ukucha wewe mwenyewe.

Ukimaliza, nina ombi moja, na ukilikataa sitanung'unika. Kesho tuamke mapema kuliko tulivyopanga. Maji ya moto yatakuwa kwenye chupa. Nimenunua wembe wa kawaida hapo dukani, uko ndani ya kikombe cha bluu. Najua sivyo inavyofanywa. Wazee hawapo, mgomba haupo, Kukhu hayupo, na wakati wake umepita zamani. Nywele zako umezisuka leo, zitakupendeza, ziache. Lakini mimi nitaketi kwenye kigoda pale mlangoni, chini ya ule msumari wake, nitavua kitambaa.

Picha ziache mezani, mwanangu, halafu uninyoe.

Mama yako.